Sindano ya kuzuia malaria imefikia wapi?

Mbu jike wa Anofelesi akituuma huacha vijidudu vya malaria mwilini. Vijidudu hivyo hukimbilia kwenye ini. Huko huzaana siku kadhaa na sisi hatuna habari. Vikitoka kuingia kwenye damu, ndipo homa inaanza. Wataalamu wakajiuliza: kwa nini visikamatwe njiani, kabla ya kufika kwenye ini?

Mwili una askari wake, huitwa kingamwili. Chanjo huufundisha mwili kuwatengeneza. Sindano hii haifundishi, bali inaleta askari walio tayari, wa aina moja tu, waliotengenezwa kiwandani. Mfano wao hutoka kwenye damu ya watu. Kumbe hata wenzetu wamo! Watanzania walijitolea kuchanjwa katika majaribio Bagamoyo, na mwaka 2018 wanasayansi walieleza kingamwili kali zilizopatikana katika damu yao.

Huko Mali ilijaribiwa aina nyingine, kwa watu wazima 330. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022: dozi kubwa, iliyotolewa mara moja kwa dripu, iliwakinga kwa asilimia 88 kwa miezi 6. Karibu msimu mzima wa mvua, si mchezo!

Lakini bado ni majaribio. Hapa Bariadi hakuna zahanati inayoitoa. Anayekuuzia mnadani anakudanganya. Kwa sasa tulale ndani ya chandarua, hata wakati wa kulinda mpunga mbugani. Mtoto akipata homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo.