KURA YA MAONI: KUPIMA UMAARUFU WA VYAMA VYA SIASA, MBINU NA MIPAKA YAKE

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha leo, maneno "kura ya maoni" hubeba maana tatu zisizofanana. Maana ya kwanza ni kuwaita raia wote wajibu swali moja la taifa kwa "ndiyo" au "hapana", kama ilivyofanyika Kongo tarehe 18 na 19 Desemba 2005 kuhusu katiba, na nchini Kenya tarehe 4 Agosti 2010. Maana ya pili, itumikayo hasa Tanzania, ni kura inayopigwa ndani ya chama ili wanachama wapendekeze nani asimamishwe kuwa mgombea. Maana ya tatu ni kuwauliza watu wachache, waliochaguliwa kwa kanuni maalum, ili kukadiria mawazo ya watu wote. Jambo hili la tatu ndilo ambalo Kifaransa hulitaja kwa neno sondage.

Mchanganyiko huo si wa wanaisimu peke yao. Msikilizaji wa redio anapoambiwa kwamba chama fulani "kimepata asilimia 40 katika kura ya maoni", ni rahisi adhani kwamba kura zimekwisha kupigwa na kuhesabiwa, hali hakuna kura hata moja iliyotiwa sandukuni. Kwa sababu hiyo, makala haya yatatumia maneno "uchunguzi wa maoni" kwa maana ya tatu. Kusudi ni kueleza jinsi uchunguzi huo unavyofanywa, kwa nini mara nyingine hukosea, na unaweza kusema nini, au usiweze kusema nini, juu ya umaarufu wa vyama katika nchi kama Kongo.

Ikumbukwe kwamba swali lenyewe ni changa katika nchi hii. Chini ya utawala wa chama kimoja, MPR, kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, na katika uchaguzi wa mwaka 1984 Rais Mobutu alitangazwa kuwa amepata zaidi ya asilimia 99 ya kura. Mahali ambapo hakuna chama cha pili, kuuliza ni chama gani kinachopendwa ni kuuliza bure. Swali lilipata maana tu baada ya tarehe 24 Aprili 1990, ilipotangazwa kwamba vyama vingi vitaruhusiwa.

2. Wingi wa watu si dhamana ya ukweli

Mfano mashuhuri katika historia ya elimu hii ni ule wa Marekani mwaka 1936. Gazeti la Literary Digest lilituma karatasi za maswali zipatazo milioni 10, na zaidi ya milioni 2 zikarudishwa. Kwa kuzihesabu, gazeti lilitabiri kwamba Landon angemshinda Rais Roosevelt. Wakati huohuo George Gallup, ambaye taasisi yake ilikuwa imeanzishwa mwaka uliotangulia, aliwahoji watu wachache zaidi kwa mbali, akatabiri ushindi wa Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa karibu asilimia 61 ya kura.

Ilikuwaje milioni mbili wapotoke na wachache wapate? Majina ya Literary Digest yalitolewa hasa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Katika miaka ile ya dhiki ya uchumi, mwenye simu au gari hakuwa mfano wa Mmarekani wa kawaida. Tena, kati ya waliopelekewa karatasi, waliojibu ni wale waliokuwa na hamu ya kujibu. Makosa mawili yakashikana: orodha iliyoelemea upande mmoja, na majibu ya waliojitolea.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wa kufikirisha. Mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi wa Tanzania aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili ikusanye maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Tume ilisikiliza maoni ya watu zaidi ya 36,000. Karibu asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na karibu asilimia 21 walitaka vyama vingi. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kazi ya tume haikuwa uchunguzi wa maoni kwa maana ya kitaalamu, kwa kuwa wengi wa waliosikilizwa walifika mikutanoni kwa hiari, wakasema mbele ya wengine. Basi takwimu zake zinaeleza nini kilisemwa mikutanoni. Nini kilikuwa moyoni mwa kila Mtanzania ni jambo jingine.

3. Kanuni ya bambo

Mfanyabiashara wa nafaka hafungui gunia zima ili ajue hali ya mchele. Huchoma bambo guniani, akatoa punje chache, akazitazama kiganjani. Lakini mnunuzi mwerevu hachomi juu tu, maana muuzaji aweza kuwa ameweka mchele safi mdomoni mwa gunia na chenga chini. Huchoma juu, kati na chini, mahali ambapo muuzaji hakutazamia.

Uchunguzi wa maoni hufuata kanuni hiyohiyo. Watu wanaohojiwa huitwa sampuli. Sharti kuu ni kwamba kila mtu mzima katika nchi awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, wa mjini na wa kijijini, tajiri na maskini, mwanamke na mwanamume. Uteuzi uachiwe bahati nasibu, wala usiachiwe matakwa ya mhojaji. Kwa maana mhojaji akiachwa huru ataenda penye barabara nzuri, kwa watu wenye nafasi ya kuzungumza.

Sharti hilo likitimizwa, ukubwa wa nchi hauna uzito sana. Kinachotazamwa ni ukubwa wa sampuli. Sampuli ya watu 400 huwa na kadiri ya kosa ya pointi 5 hivi juu au chini. Ya watu 1,000, pointi 3. Ya watu 2,400, pointi 2. Inaonekana wazi kwamba ili kupunguza kosa kwa nusu, lazima sampuli iongezwe mara nne. Ndiyo sababu wachunguzi wengi hutosheka na watu 1,000 hadi 2,400.

Katika Kongo, bambo lina shida ya pekee: gunia lenyewe halijulikani vizuri. Sensa ya mwisho ya wakazi wote ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo, hesabu ya watu wa kila mkoa imekuwa ya kukadiria, na vita vimewahamisha wengi makwao. Wachunguzi hutumia orodha ya wapiga kura au makadirio hayo, na kosa lolote lililomo humo huhamia katika matokeo. Wanaohoji kwa simu nao huwakosa wasio na simu na wanaokaa mbali na mnara, sawasawa na gazeti lile la mwaka 1936.

4. Jinsi ya kusoma asilimia

Tuseme uchunguzi wa watu 1,000 umekipa chama kimoja asilimia 34 na kingine asilimia 31. Magazeti yataandika kwamba cha kwanza kinaongoza. Kwa kweli, kila tarakimu yaweza kupanda au kushuka kwa pointi 3, na tofauti baina yao ina wasiwasi mkubwa zaidi ya huo. Neno la haki ni kusema kwamba vyama hivyo viwili vinakaribiana.

Hatari huzidi matokeo yanapogawanywa kwa mikoa. Kongo ina mikoa 26 tangu mwaka 2015. Watu 1,000 wakigawanywa sawasawa, kila mkoa hupata watu wasiofika 40, na kadiri ya kosa huvuka pointi 15. Asemaye kwa uchunguzi wa namna hiyo kwamba chama fulani "kimeshuka kwa pointi 6" katika mkoa mmoja hajasema kitu.

Vyama vidogo huleta ugumu mwingine. Katika uchaguzi wa mwaka 2018 vyama vilivyoandikishwa Kongo vilikaribia 600, na sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwaka 2017 iliweka kizingiti cha asilimia 1 ya kura za nchi nzima kwa orodha zinazotaka viti katika Bunge la Taifa. Chama chenye asilimia 1 katika sampuli ya watu 1,000 ni watu 10 tu. Ukweli wake waweza kuwa nusu ya asilimia, au moja na nusu. Uchunguzi wa kawaida hauwezi kabisa kusema nani atavuka kizingiti na nani atabaki nje.

5. Swali na lugha yake

Hata sampuli ikiwa safi, swali laweza kuharibu kazi yote. "Unapenda chama gani?" huuliza moyo. "Utapigia kura chama gani?" huuliza tendo. "Kama uchaguzi ungefanyika leo, ungepigia kura chama gani?" huuliza jambo la kuwazia. Mtu mmoja aweza kutoa majibu matatu yasiyolingana bila kusema uongo hata kidogo.

Neno "chama" lenyewe lina upana. Kuna chama cha siasa, na kuna chama cha kuweka akiba, cha ukoo, cha kina mama wa parokia. Mwanakijiji akiulizwa "uko katika chama gani?" aweza kutaja kile anachochangia kila Jumamosi. Vivyo hivyo mhojaji kijana akitumia wingi wa heshima mbele ya mzee, "Mtapigia kura chama gani?", mzee aweza kujibu kwa niaba ya nyumba nzima, hali kilichotakiwa ni rai yake peke yake.

Zaidi ya hayo, maswali ya Kongo hayana budi kuulizwa kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, mara nyingi yakianzia katika Kifaransa. Njia ya busara ni kuitafsiri karatasi ya maswali, kisha kumpa mtu mwingine airudishe katika Kifaransa bila kuona ya kwanza, na kulinganisha. Kazi hii ni ya watu wa lugha kabla ya kuwa ya watu wa hesabu.

Kisha kuna hofu. Wengi hujibu kwa ufupi: "Kura ni siri." Wengine hutazama nani anayeuliza. Afrobarometa, mtandao uliofanya chunguzi katika nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1999, huwa na desturi ya kumwuliza mhojiwa mwishoni anadhani ni nani aliyewatuma wahojaji. Wengi hujibu kwamba ni serikali. Anayedhani anasema na serikali huchagua maneno. Wala hofu na haya si za Afrika peke yake: huko Uingereza mwaka 1992, chunguzi za mwisho zilionyesha Labour wakiwa mbele kidogo, lakini Conservative wakashinda kwa pointi 7 na zaidi. Moja ya sababu zilizotajwa baadaye ni kwamba baadhi ya wafuasi wao hawakutaka kujitaja.

6. Kongo mwaka 2018

Uchunguzi ni picha ya siku moja. Mnamo Oktoba 2018, uchunguzi wa BERCI, shirika la utafiti la Kinshasa, pamoja na Kundi la Utafiti juu ya Kongo la Chuo Kikuu cha New York, ulimpa Félix Tshisekedi asilimia 36 na Martin Fayulu asilimia 8. Tarehe 11 Novemba wapinzani walikutana Geneva wakamteua Fayulu kuwa mgombea wao, na siku iliyofuata Tshisekedi na Vital Kamerhe wakajitoa katika mapatano hayo. Uchunguzi wa Desemba ukampa Fayulu asilimia 47, Tshisekedi 24, na Emmanuel Ramazani Shadary 19. Matokeo rasmi ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba yalimpa Tshisekedi asilimia 38.57, Fayulu 34.83 na Shadary 23.84, na Mahakama ya Katiba ikayathibitisha Januari 2019.

Tofauti hiyo ilizua mabishano makali. Kwa upande wa elimu, mambo mawili yafaa kutenganishwa. Uchunguzi wa maoni si hesabu ya kura, wala hauwezi kuchukua nafasi yake; watu hubadili nia, na wengine hawafiki kituoni. Lakini tofauti ikizidi sana kadiri ya kosa, uchunguzi huwa umeuliza swali linalostahili jibu, na jibu hilo hupatikana katika karatasi za matokeo za kila kituo, si katika uchunguzi wenyewe.

Mwaka huo ulionyesha pia kwamba umaarufu wa mtu si umaarufu wa chama. Shadary alishika nafasi ya tatu, lakini muungano uliomsimamisha, FCC, ulipata zaidi ya viti 300 kati ya 500 vya Bunge la Taifa. Aliyepima wagombea urais peke yao hakuwa amepima vyama.

7. Sheria

Nchi kadhaa zimeweka mipaka. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1977 na kuunda tume ya kusimamia chunguzi. Tangu mwaka 2002 katazo la kuzitangaza linahusu siku ya uchaguzi na siku inayoitangulia. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012: mwenye kutangaza hutakiwa aeleze nani amelipia na njia iliyotumika, na hakuna ruhusa ya kutangaza katika siku tano za mwisho. Msingi wa sheria hizi ni kwamba tarakimu ikitangazwa haibaki kipimo tu. Huwavuta wengine kwa mshindi, huwakatisha wengine tamaa, na matokeo yasipofanana nayo, huwapa walioshindwa sababu ya kukataa.

8. Hitimisho

Uchunguzi wa maoni si ramli, wala si uzushi. Ni bambo: hueleza hali ya gunia ikiwa limechomwa mahali pengi, kwa mkono usiopendelea. Kwa hiyo msomaji akutanaye na asilimia za vyama na aulize: Ni nani aliyelipa? Ni watu wangapi waliohojiwa, nao walichaguliwaje? Lini? Kwa lugha gani, na kwa maneno gani hasa? Ni wangapi waliokataa kujibu? Penye jibu la maswali hayo, asilimia yaweza kujadiliwa. Pasipo na jibu, ni punje zilizotolewa mdomoni mwa gunia.