Tembo, mahindi na nyuki: tuliyoyaona ng'ambo ya Kasindi

Kila msimu wenye mashamba kando ya Hifadhi ya Virunga, upande wa Kasindi, wanatuuliza swali moja: tembo akiingia kwenye mahindi usiku, tufanye nini? Kupiga mabidoni na kuwasha moto wanajua. Lakini tembo naye ameshazoea, hakimbii tena.

Tulisafiri na rafiki yetu wa Rughenda, hapa Butembo, mwenye hektari moja ya mahindi kule bondeni. Msimu uliopita alivuna kwenye pembe moja tu. Sehemu nyingine yote ilikanyagwa usiku mmoja. Alikuwa anasema atauza ardhi. Tukamwambia, kwanza twende tuone majirani wanaishi nao namna gani. Tukapita Beni, Kasindi na Mpondwe mpaka Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Mambo ya mpakani yalikula nusu siku, tuyaache.

Hifadhi hiyo iliundwa 1952 na inapakana na Virunga yetu, ya tangu 1925. Tembo hawaombi jeto. Mwaka 1980 upande wa Uganda walikuwa wamebaki karibu 150 tu, sababu ya vita na majangili. Baadaye wakaongezeka, na 2020 kundi la tembo karibu 580 lilionekana Virunga, likiwa limevuka kutoka huko. Kwa hiyo anayekula mahindi ya Kasindi leo, kesho anaweza kuwa anakunywa maji Kazinga.

Ndiko tulikowaona, kando ya mfereji wa Kazinga: majike makubwa, watoto katikati. Rafiki yetu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Kumbe wako wazuri hivi? Mimi naonaka tu nyayo zao." Alipoambiwa kwamba tembo mzima anaweza kula kilo 150 za majani kwa siku, akaanza kuhesabu magunia.

Majirani wa hifadhi wanachimba mitaro, kama metro 2 upana na metro 2 kwenda chini. Inasaidia, lakini mvua inabomoa kingo, na tembo mwenyewe anazisukuma kwa miguu. Bila watu wa kuzibua kila mwaka, mtaro unakuwa njia. Kwa udongo wetu mwepesi wa bondeni hatuushauri, labda kijiji kizima kikubali salongo.

Sisi tunapenda zaidi ukuta wa nyuki. Kule Sagalla, Kenya, karibu na Tsavo, Dk. Lucy King na shirika la Save the Elephants wanafanya hivi: kila metro 10 wanatundika mzinga mmoja wa kweli, halafu mmoja wa uongo (kipande cha mbao tu), vyote vimeunganishwa na waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Ngozi yake ni nene, lakini machoni na ndani ya mkonga wanamuuma vibaya. Matokeo yaliyotolewa 2024 yanaonyesha kwamba katika misimu ya mazao mengi, hadi 86% ya tembo waliofika kwenye ukuta huo walirudishwa. Ila ukame wa 2017 uliwapunguza sana nyuki, na mzinga mtupu haumtishi mtu wala tembo.

Hektari yenye pande za metro 100 ina mzunguko wa metro 400, yaani mizinga 20 ya kweli na 20 ya uongo. Ni ghali kwa mtu mmoja. Na ukifunga upande mmoja tu, tembo anazunguka kwa jirani, ndiyo maana hii ni kazi ya koperative.

Jambo lingine lilimuuma rafiki yetu: Uganda, 20% ya pesa za kuingilia hifadhini zinarudi kwa jamii za jirani. "Na sisi je?" aliuliza. Hilo swali tutalipeleka kwenye mkutano wa muungano.

Ardhi hauzi tena, walau msimu huu. Amepatana na majirani wawili wafunge pamoja upande unaotazama hifadhi, na mbele yake waweke mistari ya pilipili, ambayo tembo haili. Seremala mmoja wa Rughenda ameanza mizinga. Itatundikwa kabla ya kupanda, ili nyuki wapate muda wa kuingia. Mkipita kule, tafadhali msiguse waya.