Msamaha Unaosubiri Jina la Ugonjwa

Mkazi wa Pito, kata iliyo pembezoni mwa Manispaa ya Sumbawanga, akishikwa na homa na kikohozi mwezi Februari, kabla ya kujiuliza anaumwa nini hujiuliza mfukoni kuna kiasi gani na shambani atabaki nani. Februari ni katikati ya mvua. Magugu yanasubiri palizi, na fedha ya mavuno ya mwaka uliopita imekwishaishia kwenye mbegu, mbolea na sare za shule. Basi hunywa chai ya tangawizi, hununua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa muhimu, na husubiri.

Angekuwa anaumwa jino au goti, kusubiri kungemuumiza yeye peke yake. Akiwa na ugonjwa unaoenea kwa hewa, kila siku anayosubiri ni siku ya kuambukiza wanaolala naye nyumba moja, wanaopalilia naye na wanaobanana naye kwenye gari la sokoni. Hapo ndipo gharama ya matibabu inapoacha kuwa jambo la familia moja. Wakati wa mlipuko, bei inayomchelewesha mgonjwa mmoja hulipwa na kijiji kizima.

Tulikotoka

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Tanzania ilishikilia kwamba tiba katika vituo vya serikali itolewe bure. Uchumi ulipoyumba, vituo vikakosa dawa na vifaa, na Julai 1993 serikali ikaanza kwa awamu utaratibu wa wananchi kuchangia gharama, kuanzia hospitali kubwa. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake CHF, ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, kisha ukapata sheria yake mwaka 2001. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza kazi kwa watumishi wa umma.

Pamoja na uchangiaji uliwekwa utaratibu wa misamaha. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na UKIMWI hawapaswi kulipa. Magonjwa ya mlipuko kama kipindupindu nayo yamo kwenye orodha hiyo. Kwa maandishi, basi, mtu wa Pito hana sababu ya kuogopa dirisha la malipo wakati wa janga. Kwa vitendo anayo, na chanzo chake ni namna msamaha wenyewe ulivyoundwa.

Mgonjwa huja na dalili

Msamaha wa mlipuko unafuata jina la ugonjwa. Mgonjwa hafiki kituoni na jina; hufika na kikohozi, homa na kifua kinachobana. Mpaka ugonjwa utambuliwe, yeye ni mgonjwa wa kawaida: anafungua faili, anamwona daktari, anapigwa picha ya kifua, ananunua dawa za kuanzia. Malipo yote hayo hutangulia msamaha. Kama maabara inayoweza kuthibitisha ugonjwa iko mbali, jina linaweza kufika baada ya mgonjwa kupona, au baada ya kuzikwa.

UVIKO-19 ulituonyesha jambo hili waziwazi. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, huko Arusha. Katika miezi ya kwanza sampuli zilipimwa katika Maabara ya Taifa, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Sumbawanga. Mapema Mei tulikuwa tumetangaziwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha takwimu zikasimama hadi katikati ya mwaka 2021. Katikati ya kipindi hicho cha ukimya, Januari na Februari 2021, likaja wimbi la pili. Matangazo ya misiba yakataja nimonia na “changamoto ya upumuaji”. Ugonjwa usiotajwa hauwezi kusamehewa ada yake: bili iliyoandikwa nimonia hulipwa kama bili ya nimonia.

Linganisha na Kagera. Machi 2023 watu walikufa kwa ugonjwa usiojulikana katika Wilaya ya Bukoba. Sampuli zikapimwa haraka, na Machi 21 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni Marburg. Wagonjwa wakatengwa na kuhudumiwa, waliokutana nao wakafuatiliwa. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha Juni 2, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Marburg huua zaidi ya UVIKO-19 na huenea kwa shida zaidi, kwa hiyo milipuko hii miwili haipimwi kwa mizani moja. Hata hivyo somo la gharama liko wazi: jina likitajwa mapema, fedha ya umma huingia kabla ya fedha ya familia kuisha.

Majirani nao walijifunza kwa machungu. Kenya, Machi 2020, ilipowaweka watu karantini kwa lazima na kuwadai gharama za malazi, wapo walioruka ukuta na kutoroka, na wapo waliozuiliwa hata baada ya muda wao kwisha kwa sababu hawakuwa na fedha. Mapema Mei serikali ilitangaza kwamba ingebeba gharama hizo katika vituo vyake. Uganda, katikati ya mwaka 2021, hospitali binafsi zilitoza mamilioni ya shilingi za huko kwa siku moja ya uangalizi maalumu, hadi wanaharakati wa haki za afya wakaenda Mahakama Kuu kutaka serikali idhibiti bei.

Kituo nacho huishiwa

Upande wa pili wa dirisha kuna tatizo ambalo mgonjwa halioni. Zahanati na vituo vya afya hupata fedha za serikali na za mfuko wa pamoja wa wafadhili, ambazo tangu mwaka wa fedha 2017/18 huingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Fedha nyingine ni makusanyo yake yenyewe: ada za papo kwa papo na malipo ya bima. Makusanyo hayo ndiyo huziba mapengo ya kila siku, kama glovu, sabuni, vitendanishi na posho ya mlinzi.

Mlipuko ukija, matumizi hupanda na makusanyo hushuka kwa wakati mmoja. Watu huogopa kituo. Mama anaahirisha kliniki, mwenye shinikizo la damu anaacha kufuata dawa. Wanaofika ni wale walio hoi, ambao aghalabu hawana cha kulipa, na kila mmoja anahitaji glovu na barakoa zaidi ya mgonjwa wa siku za kawaida. Msamaha usiokuja na fedha ya kufidia huwa ni deni analobebeshwa mganga mfawidhi. Matokeo yake mgonjwa anaambiwa tiba ni bure, kisha anapewa karatasi ya kwenda kununua dawa dukani.

Hesabu ya oksijeni

Chukua oksijeni, dawa iliyoamua nani apone na nani asipone katika janga lililopita. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuhitaji lita 10 kwa dakika. Kwa siku ni lita 14,400. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 humwishia katika saa 11 na ushei, kwa hiyo anahitaji mitungi miwili na zaidi kila siku. Akilala siku kumi, inapita 20. Zidisha kwa wagonjwa watano wa wodi moja, kisha weka gharama ya kusafirisha mitungi hiyo kwa barabara, ikienda mitupu na kurudi imejaa.

Ufipa ina ugumu wake wa ziada. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Mwenye afya haoni tofauti. Mwenye mapafu yaliyojaa majimaji anakuwa na akiba ndogo zaidi ya kupoteza kabla ya kuzidiwa, ndiyo maana kuchelewa kwake nyumbani kuna gharama kubwa kuliko kwa mtu wa Tanga.

Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Tanzania mkopo wa dola milioni 567. Ndio uliozaa mpango wa Shilingi trilioni 1.3 uliojulikana mno kwa madarasa 15,000, na ambao pia ulinunua mashine za uchunguzi, mitambo ya oksijeni, magari ya wagonjwa na vitanda vya uangalizi maalumu. Ni hatua ya kweli. Lakini mtambo wa oksijeni unakula umeme, unahitaji vichujio na fundi, na mtungi wenye oksijeni mjini haumsaidii mgonjwa ambaye hajafika mjini.

Umbali ni bei

Mtu wa Pito ana unafuu: hospitali ya rufaa ya mkoa iko ndani ya manispaa yake, na bodaboda inamfikisha. Aliye bonde la Ziwa Rukwa lazima apande ukingo wa Lyamba lya Mfipa ndipo aione hospitali hiyo, na barabara za huko wakati wa masika tunazijua. Wa Kirando au Kasanga anatoka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Akipewa rufaa ya kanda, safari ni ya Mbeya, zaidi ya kilometa 300. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imefupisha njia hiyo, ila haijaondoa nauli, chakula cha ndugu anayemuuguza mgonjwa, wala siku za kazi zinazopotea. Kwa familia nyingi, jumla ya hivyo huzidi ada ya hospitali yenyewe.

Chanjo ya UVIKO-19 ilitoa ushahidi mzuri. Ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 28, 2021, ikiwa bure tangu siku ya kwanza. Bado mwanzoni mwa mwaka 2022 waliokamilisha dozi hawakufika asilimia 10 ya Watanzania. Uvumi ulichangia, lakini uvumi haukuwa peke yake. Wahudumu walipoanza kuifuata jamii kwenye minada, mashambani na majumbani, idadi ikapanda, na mwaka 2023 ikapita nusu ya watu wote. Bei haikubadilika, kwani tayari ilikuwa sifuri. Kilichopungua ni mwendo.

Fedha huja Julai, homa huja Februari

Kalenda ya Ufipa ni ya msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Fedha huonekana baada ya mavuno, mahindi yanapouzwa kwa wafanyabiashara au kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Maradhi mengi hushika kasi mvua zikinyesha, mfuko ukiwa mtupu. Kumdai mkulima ada mwezi Februari ni kumdai asichonacho, ilhali Julai alikuwa nacho.

Kwa hiyo swali la “lipa kiasi gani” lina mwenzake lisilosemwa sana: “lipa lini”. CHF iliyoboreshwa ilitoza Shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, yaani 5,000 kwa kila mtu, na tofauti na ile ya zamani iliyomfunga mwanachama kwenye zahanati moja, ilimruhusu kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa. Wafipa wanajua kihenge hujazwa wakati wa mavuno ili kifunguliwe wakati wa uhaba. Bima ya mkulima ni kihenge cha aina hiyo, na uandikishaji wake unapaswa kufuata gari linalonunua mahindi.

Hata hivyo tusijidanganye: mwaka 2022 Watanzania waliokuwa na bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15. Ndiyo sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, inayomtaka kila mkazi awe na bima na kuanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, wenye vyanzo kama sehemu ya kodi za vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Sheria hiyo ikitekelezwa barabara, itapunguza woga wa dirishani. Haitamaliza tatizo la jina na la umbali.

Cha kufanya kabla ya mlipuko ujao

Kwanza, msamaha ufuate dalili. Wizara ikishatoa tahadhari ya mlipuko wa ugonjwa wa kupumua, kila anayefika na homa na kikohozi kikali apokelewe, apimwe na kuanzishiwa tiba bila kuulizwa fedha, na jina la ugonjwa lije baadaye. Watakaogundulika kuwa na mafua ya kawaida watakuwa wametugharimu kidogo kuliko mmoja aliyebaki nyumbani wiki nzima.

Pili, fidia iwe tayari. Halmashauri iweke kwenye bajeti fungu la dharura linaloingia akaunti ya kituo ndani ya siku chache, ili msamaha usigeuke karatasi ya kununua dawa.

Tatu, usafiri uwe sehemu ya tiba. Mfano tunao: mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura kufikishwa hospitali kwa kupiga namba 115, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana hutumwa dereva wa jamii anayelipwa na mfumo. Madereva hao wanaweza kumbeba mgonjwa wa mlipuko pia, wakipewa vifaa vya kujikinga na malipo yanayostahili.

Nawe msomaji wa Pito, Laela, Matai au Namanyere, usingoje serikali imalize yote. Ukiuza mahindi mwaka huu, tenga fedha ya bima kabla ya kununua bati, na ulizia kwa mtendaji wa kijiji utaratibu unaotumika sasa. Uliza pia kwenye zahanati yako nani anasamehewa, na tangazo la misamaha limebandikwa wapi. Haki isiyojulikana haidaiwi. Na homa ikikushika mvua zikinyesha, nenda kituoni siku ya kwanza, kabla hujawapa wengine.