Fahamu: Protini inayoshikanisha seli za titi, na saratani inayojificha

Mwanamke wa eneo la Ziwa, nchini Kenya, mwenye dalili za saratani ya matiti anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Kipande kidogo cha nyama hutolewa titini na kuchunguzwa kwa hadubini.

Seli za titi hushikana kwa protini za kwenye utando wake, hasa E-kadherini. Maabara hutumia kingamwili zenye rangi kuitafuta: protini ikiwepo, kingo za seli huonekana kahawia. Katika saratani ya lobula (vijitezi vya maziwa), ambayo ni takriban 10 hadi 15 kati ya kila saratani 100 za matiti, kwa kawaida protini hii imepotea. Seli hupenya mojamoja, zikijipanga mstari, mara nyingi bila kufanya uvimbe mgumu. Ndiyo maana mkono huweza kuikosa, na hata mamografia huweza kuikosa. Basi titi likiwa nene upande mmoja, au ngozi ikivutwa ndani, nenda hospitali hata kama hugusi uvimbe wowote.

E-kadherini husaidia kutambua aina ya saratani. Dawa huamuliwa zaidi na protini nyingine, yaani vipokezi: vya estrojeni, projesteroni na HER2. Ulizia majibu yote matatu; ni haki yako.