Virusi havina kabila

Sisi tunaofanya kazi ya kupatanisha watu tumezoea kuzungumza juu ya ardhi, silaha na uchifu. Lakini Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilituonyesha kwamba hata ugonjwa unaweza kuleta vita. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa.

Uvumi nao ulitembea pamoja na ugonjwa. Mwezi wa Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019, Dakta Richard Mouzoko, mganga kutoka Kameruni, aliuawa Butembo akiwa kazini. Uvumi haukuwa sababu pekee, lakini ulitayarisha mioyo kwa chuki.

Kwa nini watu waliamini?

Si kwa ujinga. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa Beni walikuwa wakiuawa, na wengi waliona hakuna anayewajali. Halafu magari na fedha nyingi vikafika kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wakati malaria na surua viliendelea kuua watoto. Desemba 2018, uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa moja ya sababu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo tusiwacheke watu, tuwaeleze.

«Ugonjwa huu umetengenezwa ili kumaliza kabila letu»

Virusi ni vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Haviwezi kuzaana peke yao. Lazima viingie ndani ya chembe za mwili ulio hai. Ebola ilijulikana kwanza mwaka 1976. Nchini kwetu ilionekana Yambuku, mbali sana na Kivu, na Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa kijana wakati huo, alikwenda huko kuchukua damu ya wagonjwa. Chembe za Mnande, za Mhema, za Mlendu na za mgeni kutoka ng'ambo zina mlango ule ule ambao virusi hupitia. Ebola haiulizi mtu anasema lugha gani.

«Chanjo ndiyo inaleta Ebola»

Virusi vya Ebola vina jeni saba. Jeni ni maagizo yanayoonyesha jinsi ya kujenga kiumbe na kukiendesha. Chanjo iliyopewa watu zaidi ya 300,000 inabeba jeni moja tu kati ya hizo saba, ile ya ganda la nje, iliyowekwa ndani ya virusi vingine visivyo na madhara ya Ebola. Mlango mmoja si nyumba. Kwa jeni hiyo moja, mwili hujifunza kulitambua ganda la adui kabla hajafika.

Ni kweli kwamba wengine waliugua baada ya kuchanjwa. Lakini waliochanjwa kwanza ni wale waliomgusa mgonjwa au waliogusana na watu wake. Ebola hukaa mwilini siku 2 hadi 21 bila kuonyesha dalili, na chanjo huhitaji siku kama kumi ili kukinga. Wengine walikuwa wamekwisha kuambukizwa.

«Aliyepona bado ni hatari, afukuzwe»

Mwaka 2021 Ebola ilirudi upande wa Butembo. Wachunguzi walisoma jeni za virusi wakaona ni wa ukoo mmoja na wale wa 2018, na kwamba vilitokana na mtu aliyepona zamani. Habari hii ilikuwa kweli, lakini inaweza kueleweka vibaya. Virusi vinaweza kujificha kwa muda mrefu katika sehemu chache za mwili, kama mbegu za kiume. Kwa hiyo aliyepona hufuatiliwa na kupimwa. Lakini kumsalimu, kula naye au kukaa naye nyumba moja hakuambukizi. Huko Beni, waliopona ndio waliowalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Na moja ya dawa zilizookoa wagonjwa ilipatikana kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Tufanye nini?

Tunaposikia habari ya ugonjwa, tuulize maswali matatu kabla ya kuipeleka kwa jirani: Nani aliona jambo hilo mwenyewe? Ni nani anayelaumiwa? Na nikilisema, nani ataumia? Viongozi wa mitaa, wachungaji, maimamu na mama wa soko wawaite waganga mbele ya watu ili wajibu maswali, hata yale makali. Waganga nao wakubali kusikiliza kwanza. Mahali ambapo watu wanaweza kuuliza bila kuogopa, uvumi hukosa chakula, na mgonjwa huletwa mapema, akiwa bado anaweza kupona.