Je, Wajua? Fangasi wa Mdomoni Hujificha Kwenye Meno ya Bandia

Je, wajua kwamba huenda fangasi aitwaye Candida albicans yumo mdomoni mwako sasa hivi? Karibu nusu ya watu wenye afya njema wanaye na hawana habari. Ni wa jamii ya hamira, na mate yakiwa ya kutosha hana madhara, kwa kuwa mate humsukumia tumboni na yana protini zinazomuua.

Katika makao ya wazee mambo hubadilika. Mkazi wa miaka 85 aghalabu hutumia dawa kadhaa kwa pamoja, za presha, za usingizi, za sonona, na nyingi kati ya hizo hukausha mdomo. Akipewa antibiotiki za kifua, bakteria waliokuwa wakigombea nafasi na fangasi hufa. Hapo chembe ya mviringo ya fangasi hurefuka kuwa nyuzi zinazopenya ngozi laini ya mdomo. Mwaka 2016 watafiti walieleza sumu ambayo nyuzi hizo hutumia kutoboa seli zetu, kandidalisini.

Wengi wanaufahamu ule utando mweupe kama maziwa ya mgando, ambao ukiufuta kwa shashi huacha wekundu, pengine na damu. Lakini mzee mwenye meno ya bandia mara nyingi hana weupe wowote. Mvue meno ya juu, umulike kaakaa kwa tochi: utaona wekundu wenye mipaka sawasawa na umbo la bamba la meno yale. Huenda hauumi. Na ukiuma, mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi kusema. Hugeuza tu uso kijiko kinapokaribia, na kwenye daftari la zamu huandikwa “amekataa kula”. Inasikitisha, maana mara nyingine mzee ana njaa, ila mdomo unamuwaka.

Dawa ipo, tena ya siku nyingi. Nistatini iligunduliwa na wanasayansi wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliotangaza matokeo yao mwaka 1950. Hazen alikuwa jijini New York akiotesha vijidudu vya udongoni, Brown yuko Albany akichambua kemikali, na sampuli zilisafiri kati yao kwa posta. Udongo uliowapa jibu ulitoka shamba moja la Virginia. Mapato yao kutokana na dawa hiyo, zaidi ya dola milioni 13, waliyaelekeza kwenye utafiti.

Nistatini hushika ergosteroli, mafuta yaliyo kwenye utando wa seli ya fangasi, na kuutoboa. Utumbo karibu hauifyonzi kabisa, kwa hiyo huponya pale tu inapogusa. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asukutue na kuikalisha mdomoni kabla ya kumeza. Ukimpa mzee akiwa amevaa meno yake, dawa inapita juu ya plastiki na kaakaa halipati kitu. Asiyeweza kusukutua hupakwa taratibu kwa pamba ya kijiti.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kutibu mdomo na kuyasahau meno. Akriliki ina vitundu na mikwaruzo ambamo fangasi hujishikiza. Mzee hupona leo, kesho anavishwa ugonjwa ule ule. Meno hayo yasuguliwe kila siku kwa brashi na sabuni laini, upande wa ndani hasa, kisha yalale kwenye maji au dawa ya kusafishia. Maji yanayochemka huyapinda, na dawa ya meno ya kawaida huyakwaruza. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015 uliona kwamba wazee waliolala na meno ya bandia walipata nimonia takribani mara mbili zaidi ya waliovua.

Wewe unayelea mzazi nyumbani, au unayefanya kazi hiyo kwenye makao ya wazee huko Marekani au Uingereza kama Waswahili wengi siku hizi, usiku wa leo vua meno hayo na umulike tochi. Na doa jeupe lisilofutika, au lililodumu zaidi ya wiki mbili licha ya dawa, lionwe na daktari, kwani saratani ya mdomo huweza kuanza hivyo.