Dawa Katika Maji ya Kuku

Hapa Mtoni kuku wa nyama hufugwa hata uani. Vifaranga wakifika tu, wafugaji wengine huwatilia antibiotiki, kama OTC, katika maji. Huendelea hivyo kila siku mpaka siku ya kuuza, eti kuku wakue upesi.

Ndugu mfugaji, tuangalie tumbo la kuku. Ndani ya utumbo wamo vijidudu wengi, wasioonekana kwa macho. Wengine huleta kuhara. Wengine ni walinzi: husaidia kusaga chakula, na huwanyima wabaya nafasi. Antibiotiki huua wabaya na walinzi pamoja. Wachache wenye nguvu hubaki, nao huzaana. Siku kuku wakiugua kweli, dawa ile huenda isifanye kazi tena. Vijidudu sugu hao hufika hata kwetu, kwa mikono, kwa mbolea na kwa nyama isiyoiva. Mtoto akiumwa, dawa ya hospitali yaweza kushindwa. Ndiyo maana tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umekataza antibiotiki za kukuzia mifugo.

Tena kideri huletwa na virusi. Antibiotiki haikiponyi. Kinga yake ni chanjo.

Basi, osha chombo cha maji kila siku. Wapo wanaonunua dawa na chombo kina utelezi! Kuku wakihara, mwite bwana mifugo kwanza. Akikupa dawa, maliza siku alizosema. Halafu soma mwenyewe karatasi ya dawa, usisomewe na mwenye duka. Imeandikwa siku za kungoja kabla ya kuuza nyama au mayai. Siku hizo usiuze, wala usile.